Boti ya kilomita 108 kwa saa

Mara ya kwanza kuwasilisha kazi yangu ya uzamili niliwaambia walimu wanne waliokaa nyuma ya meza ndefu kwamba mashua ya tanga, yenye wavu na watu watatu ndani, ilipita mbele ya ufuo wa Dunga, hapa Kisumu, kwa kasi ya kilomita 108 kwa saa. Nilisema kwa sauti ya kusikika. Kazi yangu ya kila siku ni kufundisha hesabu kidato cha tatu, na darasani kwangu namba hazinong'onwi.

Mmoja wao akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Mwalimu, hiyo mashua ina mabawa?"

Nikacheka nao kidogo, nikabonyeza slaidi iliyofuata. Boti ya injini: kilomita 108 kwa saa. Mtumbwi wa makasia wa vijana wanaouza samaki wa ngege: kilomita 108 kwa saa. Ya mwisho ilikuwa boti kuukuu iliyofungwa kwenye mti, haijatoka pale tangu mwenyewe auze injini yake. Nilikuwa nimeiweka makusudi, eti niwaonyeshe kwamba programu yangu inajua kutofautisha kinachokwenda na kilichotulia. Kilomita 108 kwa saa, nayo imefungwa kamba.

Nitasema ukweli: namba hizo nilikuwa nimeziona usiku uliotangulia, saa nane, nikajiambia ni usingizi.

Nilitoka pale nikachukua tuktuk hadi soko la Kibuye, nikanunua hindi la kuchoma lenye pilipili na ndimu, nikalila nikiwa nimesimama kando ya barabara kama mtu aliyefukuzwa kazi. Kosa lenyewe nililing'amua kabla sijafika kwenye gunzi.

Kazi yangu ukiisikia ni nyepesi. Unaweka simu kwenye stendi, unapiga video ya boti, halafu kompyuta ikuambie boti ile ilikwendaje katika ulimwengu wenye pande tatu: imekwenda kushoto au kulia, imepanda au imeshuka na wimbi, imekukaribia au imekuacha. Hilo la mwisho ndilo lenye kazi, maana picha ni bapa kama chapati. Video ya simu yangu ina fremu 30, yaani picha tuli 30, kwa sekunde. Programu inachukua fremu mbili zinazofuatana na kutafuta alama zilezile kwenye boti, yaani kona ya tanga, kichwa cha msumari, herufi za jina lililoandikwa ubavuni. Kisha inakokotoa boti imegeuka kiasi gani na imesogea kuelekea wapi.

Kuelekea wapi. Umbali gani, haijui. Urefu wa hatua haupatikani, na kwa kuwa lazima iandike kitu, inaandika 1. Ile 1 si mita wala futi wala pima. Ni kama x ya kidato cha kwanza, inasubiri mtu aipe thamani. Mimi nikaisoma mita. Mita 1 kwa fremu, fremu 30 kwa sekunde, hizo ni mita 30 kwa sekunde, na mita 30 kwa sekunde ni kilomita 108 kwa saa. Mwanafunzi wangu akisahau kuandika kizio namkata alama mbili.

Mwendo wa kitu kigumu, kitu kisichopinda wala kunyumbulika, unaelezwa kwa namba 6: tatu za kugeuka, tatu za kusogea. Picha mbili zinakupa 5. Ya sita imemezwa na lenzi. Chukua boti ya futi 24 iliyo mita 100 kutoka ulipo, na nyingine ya futi 48 iliyo mita 200, yenye umbo lilelile, inayokwenda mara mbili ya kasi ya kwanza. Kwenye kioo cha simu ni boti moja. Mtoto akichonga kiboti cha mti na kukiburuta karibu na lenzi kwa mwendo wa kiasi chake, nacho kitakuwa boti ileile. Huwezi kulitatua hilo kwa kununua simu ya bei. Lazima habari itoke nje ya picha: mtu akuambie urefu wa boti, au kimo cha kamera juu ya maji, au uweke kamera mbili ubaoni na kupima nafasi iliyo kati yake.

Sasa usije ukadhani picha haijui kitu. Ukipanda matatu ya kwenda Ahero, kaa dirishani upande wa kushoto. Nguzo za stima zinakupita mbio, mashamba ya mpunga yanapita kwa staha, na milima ya Nandi kule nyuma inakusindikiza kana kwamba nayo imelipa nauli. Kilicho karibu kinakimbia, kilicho mbali kinajikokota. Humo ndimo kompyuta inamochota kina, yaani kipi kiko karibu na kipi kiko mbali. Lakini matatu ikisimama kushusha abiria, geuza shingo tu bila kusogea. Nguzo, mpunga na milima vyote vinahama pamoja, kwa pembe moja. Kugeuka hakukuambii kilicho karibu ni kipi, kusogea ndiko kunakokuambia. Na ni mamoja kamera isogee boti itulie, au boti isogee kamera itulie; hesabu haijali nani amemfuata mwenzake.

Watu wa Kisumu tunautaja mwaka 1901 kwa sababu ndio reli ilipofika ziwani. Watu wa fani hii nao wana mwaka wao, 1981, miaka 80 baadaye. Mwaka huo Christopher Longuet-Higgins, Mwingereza aliyeanzia kwenye kemia, alichapisha katika jarida la Nature njia ya kupata mwendo na umbo kutokana na picha mbili kwa kutumia alama 8. Mwaka huohuo Horn na Schunck walitoa njia yao ya kukadiria jinsi kila sehemu ya picha inavyohama, Lucas na Kanade wakatoa yao, na Fischler na Bolles wakaja na njia ya kura nitakayoieleza hapa chini maana imenitesa. Erwin Kruppa, Mwaustria, alikuwa ameshaonyesha mwaka 1913 kwamba alama 5 zinatosha, kabla ya kompyuta yoyote. Nilizisoma kazi hizi zote. Kwamba skeli, yaani ukubwa halisi, haipatikani nilikuwa nimelipigia mstari kwa kalamu nyekundu, kwa mkono wangu mwenyewe.

Jumamosi iliyofuata nilienda Dunga kwa Mjomba, kaka yake mama, kumuomba anipakie kwenye mashua yake nipige video nikiwa majini. Mjomba alikaa Mombasa miaka mingi akifanya kazi bandarini kabla ya kurudi kwenye uvuvi, ndiyo maana Kiswahili chake kina chumvi kuliko changu. Mbele ya chombo anasema gubeti, nyuma anasema shetri, boriti ya tanga anasema foromali. Wavuvi wenzake wanamcheka kwa Kijaluo, naye anawajibu kwa Kijaluo kisha ananigeukia na Kiswahili chake cha Pwani.

Tulikuwa tumetoka nje kidogo, upepo wa alasiri unasukuma kuelekea nchi kavu, boti ya injini ikaonekana inakuja upande wetu.

"Mjomba, ile iko umbali gani?"

"Tutakuwa tushakunja tanga."

"Nauliza umbali. Mita ngapi?"

"Mita za nini, mwanangu, wataka kushona nguo?"

Nikadhani ananikwepa. Nikamwonyesha nyingine, mtumbwi uliokuwa unatoka kwenye matete. "Huo nivute sigara nusu." Ya tatu, tanga tu kwa mbali: "Hiyo haiji kwetu, yaenda zake." Alasiri nzima sikumsikia akitaja urefu wa kitu chochote isipokuwa samaki.

Nililala kwake usiku ule, na kabla ya usingizi kunichukua nikaona alichokuwa akinijibu. Nilikuwa namuuliza namba ya sita, ile iliyomezwa, naye ananipa nyingine ambayo picha inayo.

Fanya nami hesabu, ni ya darasa la nane. Boti inakuja moja kwa moja kwako kwa mwendo usiobadilika. Kwenye fremu ya kwanza upana wake ni pikseli 40. Sekunde 2 baadaye ni pikseli 50. Upana kwenye picha unakua kadiri umbali unavyopungua, kwa uwiano kinyume, kwa hiyo umbali wa sasa ni 40 kwa 50 ya ule wa mwanzo, yaani sehemu 4 kati ya 5. Sehemu 1 imekwenda kwa sekunde 2. Zimebaki sehemu 4. Sekunde 8, imekugonga.

Tazama ni nini ambacho hatukukihitaji. Hatukuuliza boti ina futi ngapi, wala iko mita ngapi, wala inakwenda kilomita ngapi kwa saa. Boti ya futi 24 na ile ya futi 48 na hata kiboti cha mtoto, vyote vitakufikia kwa sekunde 8. Skeli iko juu na iko chini ya mstari wa sehemu, inajikata yenyewe. Nimefundisha kukata namba juu na chini kwa miaka, na sikuwahi kuiona ikikata kitu kizito namna hii.

David Lee, mwanasaikolojia wa Edinburgh, aliandika juu ya jambo hili mwaka 1976 akieleza jinsi dereva anavyojua wakati wa kukanyaga breki. Mwaka 1981 (mwaka huo tena!) yeye na Paul Reddish wakaandika juu ya ndege wakubwa wa bahari za kaskazini wanaojitupa majini kutoka juu na kukunja mabawa dakika ya mwisho kabla hawajaumia. Pale Dunga tunaye mdiria, yule mdogo wa madoa meusi na meupe, anayepiga mabawa akiwa amesimama hewani kama helikopta kisha anaporomoka. Sijampima. Lakini nilikaa nikamtazama asubuhi ile hadi chai ikapoa, nikihesabu.

Usiku ni habari nyingine. Omena, dagaa wa ziwani, huvuliwa usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo, kwa taa juu ya maji, na taa kwa mbali ni nukta. Nukta haina upana wa kukua. Nikamuuliza Mjomba anafanyaje.

"Taa ikihama, iache ipite. Ikiganda, hama wewe."

Maana yake ni hii. Weka jicho lako, mlingoti wako na taa ya mwenzio. Mwende kila mmoja njia yake, bila kugeuza usukani. Taa ikisogea kushoto au kulia ya mlingoti, mtapishana. Ikikaa palepale, haiendi mbele wala haibaki nyuma, basi njia zenu zinakutana na nyinyi mtakuwa hapo pamoja. Kwenye hesabu ya picha jambo hilo lina jamaa yake wa karibu. Unapokwenda mbele, kila kitu kwenye picha kinatawanyika kutoka kwenye sehemu moja isiyohama, na sehemu hiyo ndiyo unakoelekea. James Gibson, mwanasaikolojia wa Marekani, aliieleza mwaka 1950 akiwafikiria marubani wanaotua. Mjomba hajawahi kupanda ndege. Mwelekeo na muda, basi. Ndivyo picha inavyovitoa bure, na ndivyo anavyoviuliza. Umbali na kasi ndiyo maswali ya jopo langu.

Usidhani niliporudi nyumbani mambo yalinyooka. Nilikuja na video za saa tatu hivi, karibu zote zimeharibika kwa namna tofauti.

Kwanza ile njia ya kura. Fischler na Bolles walisema: chukua alama chache kwa bahati nasibu, tunga mwendo unaozitosheleza, kisha ziulize alama nyingine zote, nani anaukubali mwendo huu? Rudia mara nyingi, mwendo wenye kura nyingi ushinde. Penye waongo wachache njia hii ni dawa. Ziwani saa tisa alasiri waongo ndio wengi. Kila wimbi linapiga mmeto wa jua, programu inauona mmeto na kudhani ni alama iliyoshikamana na kitu, na mmeto haujashikamana na chochote. Unarukia wimbi jingine. Njia za Horn na Lucas zote zinaanza kwa kuamini kwamba nukta ya kitu inabaki na mwanga uleule kutoka fremu hadi fremu, na maji hayakusaini mkataba huo. Maji yakashinda kwenye duru ya kwanza. Mwishowe nikachora kisanduku kuzunguka boti na kuyanyima maji kura. Najua inasikikaje katika nchi hii.

Halafu kuna mstari mweupe. Boti moja nzuri sana, imepakwa buluu na mstari mweupe mrefu ubavuni kutoka gubeti hadi shetri. Programu inatazama kwa vidirisha vidogo, pikseli 21 kwa 21, na ndani ya kidirisha hicho hakuna kitu ila kipande cha mstari. Mstari ukiteleza kwa urefu wake hubaki vilevile. Unaona tu ukipanda au ukishuka. Basi boti yangu nzuri ikawa inapanda na kushuka papo hapo, haiendi mbele hata kidogo. Nilichoweza kushika ni kona: herufi, msumari, kiraka. Boti zilizochakaa zinapimika vizuri kuliko mpya, na nilianza kuzipenda kwa sababu hiyo.

Na mashua yenyewe inayumba. Kumbuka shingo ndani ya matatu: kugeuka kunahamisha kila kitu bila kusema lolote juu ya umbali, na simu iliyofungwa kwenye mlingoti inageuka mfululizo. Hapo niliokolewa na jairoskopu iliyomo ndani ya simu, kidude kinachopima kugeuka chenyewe. Unaondoa kugeuka, kinachobaki ndicho kusogea. Nilisahau kulinganisha saa ya jairoskopu na saa ya kamera, nikapoteza wiki mbili. Sitaeleza zaidi, bado inauma.

Gugu maji nalo. Nilichagua kile nilichodhani ni ufuo ili kiwe mahali pasipohama, nikapima kila kitu kwa kulinganisha nacho. Kilikuwa kisiwa cha gugu maji, kikubwa, kijani, kina hadi ndege wamesimama juu yake, na upepo ulikuwa unakisukuma taratibu kuelekea mjini. Mjomba alipoiona video alicheka hadi akakohoa.

Jopo bado wanataka kilomita kwa saa, na haki yao. Kwa hiyo tulichukua utepe wa fundi tukaipima mashua ya Mjomba kutoka ncha hadi ncha, futi 24 na inchi 3, nikaiingiza namba hiyo kwenye programu, na ile 1 ikapata maana. Mashua iliyopaa kwa kilomita 108 sasa inakwenda 9. Boti ya kwenye mti inasoma sufuri na nukta kadhaa, kwa sababu kamba yake ni ndefu na wimbi linaitikisa. Nitawaonyesha hiyo kwanza.

Ila safu niliyoiongeza mwenyewe, na nadhani ndiyo nitakayoitetea kwa jasho, ni ya sekunde. Niliiweka kwenye simu, tukatoka nayo. Boti ya injini ikatujia, namba ikaanza kushuka kiooni: 19, 17, 14. Nilipoinua macho nimwambie Mjomba, alikuwa ameshausukuma usukani kwa goti, mikono yote miwili iko kwenye wavu.

"Yahesabu vizuri," alisema. "Lakini mimi kioo nitakitazama saa ngapi? Iambie ipige kelele."

"Kelele gani?"

Akafikiria kidogo. Sasa simu ina sauti ya mkaza mjomba niliyoirekodi jikoni kwake, akiita watu waje chakula kiko tayari, na inalia zikibaki sekunde 10. Tatizo ni kwamba bado sijaiingiza ile sheria yake ya taa, kwa hiyo kila boti inayotukaribia inamwita, hata zile zinazopita pembeni. Mjomba ananipigia simu kulalamika kwamba boti ambazo hazina haja naye zinamtia njaa tangu asubuhi.